Kwa Nini Mjomba Pimbi Huanguka

Kila Jumamosi saa kumi alasiri, watu wazima watatu huipa mgongo barabara inayopita karibu na soko kuu la Morogoro, na kukaa kuangalia pimbi wakianguka. Hukaa barazani kwa Lalit, muuza vifaa vya umeme, mbele ya televisheni ambayo mteja mmoja aliileta kutengenezwa na hajarudi kuichukua. Mteja anayefika saa hiyo huhudumiwa kwa kisogo. Anayetaka balbu huambiwa asubiri matangazo, na wengi husubiri bila kununa, maana pimbi wenyewe wanachekesha.

Katuni inaitwa Jabali la Pimbi. Mwanzoni huandikwa kwamba ni ya watoto wa miaka sita hadi kumi, na baraza la Lalit halijawahi kuona kwamba maneno hayo yanalihusu. Familia ya pimbi, wale wanyama wadogo wa mawe wasio na mkia, inaishi juu ya jabali: baba, mama, watoto wawili, na kaka yake mama, ambaye wote humwita Mjomba. Katika kila kipindi Mjomba Pimbi huteleza, huanguka chini puu, huinuka, hujipangusa vumbi na kusema, "Niko salama." Watoto wa nchi nzima hucheka. Barazani kwa Lalit anacheka Lalit peke yake, tena kwa kujificha, kwa sababu Kondo hapendi.

Kondo ni fundi wa televisheni na madishi. Lalit alimpa pembe ya baraza zamani, wote wawili wakiwa bado na nywele, na tangu hapo hawajawahi kukaa chini kukubaliana chochote kuhusu pembe hiyo. Ni Mluguru wa Matombo. Mke hana; anaye Juliana, mtoto wa marehemu dada yake Skolastika, ambaye siku hiyo ya Jumamosi hukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, miguuni pa wakubwa, akitafuna muwa. Mtu wa tatu ni Sista Devotha, mkunga mstaafu, ambaye huja na kigoda chake kwa kuwa haamini viti vya watu.

Maoni yao ni makali kuliko ya watengenezaji wa katuni yenyewe. Sista Devotha hajawasamehe mambo ya uzazi. "Juzi mama ana tumbo, leo anaruka kamba," husema. "Nani amemzalisha? Kitovu cha mtoto kimeanguka lini?" Lalit ana ugomvi na picha. Anasema zamani kila pimbi alikuwa na uso wake, siku hizi wote wametoka kwenye kopo moja, kompyuta inachora, mtu amekaa anakunywa chai. Wana hata kundi kwenye simu, Wakubwa wa Jabali, lenye watu wa Kilosa, Tanga na kwingineko, ambamo watu wenye familia zao hutukanana kwa adabu hadi usingizi unapowachukua.

Kondo ana neno moja tu, na analirudia kila wiki.

"Aliyeandika hii hana mjomba," alisema Jumamosi moja, baada ya pimbi kuanguka ndani ya pipa. "Angekuwa naye asingemchezea hivi. Kwetu mtoto akiugua anaitwa mjomba. Akitaka kuolewa, mjomba. Hapa wamemfanya mtu wa kuchekwa."

"Bwana Kondo, ni mnyama," alisema Lalit.

"Ni mjomba."

Katika hilo hakuwa anabuni. Kwa Waluguru mtoto huhesabiwa upande wa mama. Ukoo wake, lukolo lake, ni wa mama na wa kaka zake mama. Baba ni baba, anaheshimiwa na anapendwa, lakini penye uamuzi mzito hutafutwa mjomba, na hata kama amekaa barazani na bisibisi mkononi, neno lake ndilo husubiriwa. Kondo alikuwa na neno hilo, na tangu mvua za masika zilipokatika kulikuwa na mtu anayelisubiri.

Mtu huyo ni Thobias, baba yake Juliana. Alikuwa mfanyakazi wa reli huko Kisaki wakati Skolastika alipofariki, na kwa kuwa kituo kile kiko porini na mtoto alikuwa mdogo, alimpeleka kwa mjomba wake bila mtu yeyote kuona ajabu. Sasa amehamishiwa Mbeya, ana nyumba, ana mke mwingine na mtoto wa kiume anayeanza kusimama. Alipiga simu kwa heshima zote. "Shemeji, naomba nimchukue mtoto wangu, asome akiwa kwangu. Lakini nasubiri neno lako." Kondo alimjibu kwamba wataongea. Hawakuongea.

Aliongea kuhusu pimbi badala yake. Ilikuwa imetangazwa kwamba mwishoni mwa msimu Mjomba Pimbi atahamia jabali lingine, na Kondo alianzisha vita kwenye kundi ambavyo watu wa Tanga hadi leo wanavikumbuka. Alirekodi ujumbe mrefu wa sauti. Alisema nyumba isiyo na mjomba si nyumba. Alisema watoto wataharibika. Aliwataka wote waandike kwa kituo cha televisheni, na mtu mmoja wa Kilosa alipouliza kwa upole kama ndugu Kondo anajisikia vizuri, alimwondoa kwenye kundi. Barazani, Lalit na Sista Devotha walijua vizuri sana ni nani anayetetewa. Walimuunga mkono kuhusu pimbi, wakamwacha hivyo.

Mara moja tu, wakati Kondo akichomelea waya, Juliana aliuliza, "Mjomba, mdogo wangu wa Mbeya ameshaanza kutembea?" Kondo alimwambia asogee, moshi utamwingia machoni. Alisogea, na swali hilo hakulirudia tena.

Thobias alichoka kusubiri simu, akaja mwenyewe. Alifika siku ile ile ya kipindi cha mwisho cha msimu, ambamo Mjomba Pimbi alikuwa anahama. Alikuja na kiroba cha mchele na kofia mkononi, akamwamkia Sista Devotha, akasalimiana na wanaume. Juliana aliruka kutoka kwenye ndoo, akamshika kiunoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekuwa mrefu wewe!"

"Shemeji, karibu ukae," alisema Kondo, macho yakiwa kwenye televisheni. "Kinaisha sasa hivi."

Thobias alikaa juu ya kiroba chake. Alikuwa amesafiri kutoka Mbeya kuja kuzungumzia mtoto, na sasa alikuwa ameketi kati ya muuza balbu na mkunga, akiangalia panya wa mawe akifunga mizigo. Uso wake ulionyesha mtu anayejiuliza kama ameingia nyumba ambayo siyo. Lakini alikuwa mpole, na akaangalia.

Mjomba Pimbi aliaga. Alitoa hotuba ndefu, akapiga hatua, akateleza na kubiringika hadi chini ya jabali na mizigo yake. "Niko salama," alisema kutoka huko chini.

"Mmeona?" Kondo alipandisha sauti. "Hata kuondoka hawamwachi aondoke kwa heshima! Wanamdharau. Toka kipindi cha kwanza wanamdharau, wanamwangusha ili watu wacheke, basi."

"Anatembea kinyumenyume," alisema Juliana.

Alilisema huku akitema makapi ya muwa, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Kondo aligeuka.

"Nani?"

"Mjomba Pimbi. Kila akianguka anakuwa anatembea kinyumenyume. Anawaangalia watoto, haangalii anakokanyaga."

Lalit alitoa simu. Vipindi vya zamani vimo humo vyote, na alifungua kimoja, akakisogeza mpaka pale pa kuanguka, akafungua kingine. Wakainamia kioo, hata Thobias. Kwenye kipindi cha pipa, pimbi alikuwa anarudi nyuma huku amewanyooshea watoto mikono. Kwenye kipindi cha mto, hali kadhalika. Watoto walikuwa wanakwenda vizuri tu, wanaruka mawe, wanacheka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa karibu kuanguka.

"Jamani," alisema Sista Devotha. "Miaka yote hii tunahesabu tumbo la mama."

Kondo aliichukua simu, akaangalia tena peke yake. Alihisi aibu kwanza, kisha kitu kingine kilichomuuma zaidi ya aibu, na hakutaka kukiangalia mbele za watu. Alimrudishia Lalit simu yake.

"Umeliona toka lini?" alimuuliza Juliana.

"Toka zamani."

"Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnaongea nyinyi."

Mteja mmoja alikuja, akataka swichi. Lalit alisimama kumhudumia uso kwa uso, jambo ambalo kwa saa ile lilikuwa halijapata kutokea. Juu ya milima ya Uluguru wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye mashamba, na upepo wa mvua ulianza kusukuma mifuko ya plastiki barabarani. Kondo aliokota bisibisi yake, akaikagua ncha, akaiweka chini.

"Shemeji," alisema. "Huko Mbeya mnatumia king'amuzi gani?"

Thobias hakuelewa. "Bado hatujaweka. Tuna redio tu."

"Na dishi?"

"Hatuna, shemeji."

"Basi nitakufungashia vyote viwili hapa hapa, uondoke navyo. Dishi halielekezwi ovyo. Utampata fundi wa huko, nitaongea naye kwenye simu, mimi mwenyewe nitamwelekeza." Aliiokota tena bisibisi yake. "Awe anaona Jumamosi."

Thobias alitazama kofia yake kwa muda. Alipoinua macho yalikuwa na maji, na alisema ahsante mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Juliana alikuwa ameacha kutafuna.

"Likizo ni zangu," aliendelea Kondo, sasa kwa sauti ya mjomba. "Akiugua, unanipigia kabla hujampigia daktari. Na siku akija mtu kumposa, hakuna wa kumjibu mpaka nifike. Huyu ni wa lukolo letu, anakaa kwako tu."

"Najua, shemeji. Ndiyo maana nimekuja."

"Haya." Kondo alimgeukia mtoto. "Na mdogo wako ameanza kutembea. Nilimwuliza baba yako juzi kwenye simu, nikasahau kukwambia."

Alikuwa hajamwuliza mtu yeyote. Thobias alimtazama, akaitikia kwa kichwa.

Thobias na Juliana walipoondoka, baraza liliendelea na maisha yake. Msimu mpya ulianza, na Wakubwa wa Jabali wakapata mambo mapya ya kugombania. Kondo alimrudisha mtu wa Kilosa kwenye kundi, lakini mwenyewe hakuandika neno. Jumamosi ya kwanza alisema ana kazi nyingi. Iliyofuata aliifungua ile televisheni ya baraza kabla ya saa kumi, akaitapanya mezani, vyuma huku na skrubu kule, akasema ilikuwa na kasoro muda mrefu. Lalit na Sista Devotha hawakubishana naye. Walihamia ndani, kwenye televisheni ndogo iliyo juu ya kaunta, wakapunguza sauti. Kondo alikaa barazani ameielekea barabara, akawatazama wapita njia kama mtu mgeni mjini.

Simu yake iliita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mjomba, umeona alivyoanguka leo?"

"Nimeona," alisema Kondo.

"Kaangukia wapi?"

"Si pale pale. Kwenye mawe."

Nyuma ya sauti ya Juliana ulisikika muziki wa pimbi, na mtoto mdogo akigongagonga kitu.

"Leo hajaanguka, mjomba."

Kondo alishika skrubu moja mezani, akaizungusha kati ya vidole. Alikuwa amewadanganya wateja, amemdanganya Lalit, na amewahi kumdanganya hata Sista Devotha kuhusu shinikizo la damu yake mwenyewe. Huyu hakuweza.

"Washa," alisema Juliana. "Hakijaisha. Nakusubiri."

Aliinuka, akaingia dukani na simu sikioni. Sista Devotha alisogeza kigoda chake bila kugeuka. Lalit, ambaye alikuwa akicheka, hakuona tena haja ya kujificha. Kwenye kioo kidogo Mjomba Pimbi alikuwa juu ya jabali lake jipya, mzigo mgongoni, akitembea kuelekea mbele, hatua moja moja, na nyuma yake jabali la zamani lilionekana dogo na watoto wamesimama juu yake. Sauti ya Mbeya, kwenye simu, ilitangulia kidogo ile ya Morogoro, kila neno likimfikia Kondo mara mbili, kwanza kutoka kwa mtoto.

"Unamwona?"

"Namwona."

"Haya. Sasa usiongee, mjomba, tuangalie."

Hakuongea.