Barua Kumi na Moja Kuhusu Mwalimu Matano

Mume wangu, Mwalimu Matano, alifariki Jumanne, tarehe kumi Januari, 1984. Asubuhi alikunywa uji akalalamika kwamba hauna sukari. Nikamwambia sukari haipo Pwani nzima, si kwangu tu. Akacheka, akachukua baiskeli, akaenda shule. Saa nne wanafunzi wa darasa la saba walimrudisha wamembeba juu ya mlango wa ofisi ya walimu, walioung'oa kwenye bawaba kwa haraka. Moyo, alisema mganga wa zahanati. Tulimzika alasiri ile ile.

Siku ya tatu, kwenye hitma, akaja afisa kijana kutoka wilayani na faili. Wanaume walikuwa uani kwenye mikeka, sisi wanawake ndani, lakini dirisha lilikuwa wazi na tulisikia kila kitu. Afisa alisimama kusoma habari za marehemu, na ilionekana hakuwa amezipitia kabla. Akasoma mahali alipozaliwa, chuo alichosomea, shule alizofundisha. Akageuza ukurasa, akaendelea kwa sauti ile ile ya heshima:

"Hulala kazini. Hulala akiwa amesimama. Hula mapapai ya watu. Amekiri yote kwa sahihi yake."

Ndani, Bi Mwanamkuu aliyekaa ubavuni mwangu alijifunika khanga uso mzima, mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani analia. Akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, nisamehe. Hilo la kulala niliandika mimi."

Nami, mjane wa siku tatu, nikacheka mpaka wakaniletea maji.

Tangu hapo vijana wananiuliza kama kweli Mwalimu alikuwa mwizi wa mapapai. Nilimaliza kidato cha nne, kalamu naweza kuishika, kwa hiyo naandika ilivyokuwa, kabla na mimi sijaanza kusahau.

Ilikuwa mwaka 1977. Tulikuwa hapa hapa kijijini, upande wa Dutumi, katika nyumba hii hii ya shule. Mimi nilizaliwa Kisarawe. Kwetu kulikuwa na bomba, na hapa nilikuwa nateka maji kisimani mara tatu kwa siku. Mwalimu naye alikuwa anakohoa chaki kila alfajiri. Mimi ndiye niliyeliona tangazo, kwenye gazeti lililofungiwa dagaa: ofisi moja ya serikali pale Kibaha ilitafuta karani wa masijala, mtu wa kutunza mafaili na barua, na mwalimu mwenye uzoefu angefikiriwa. Nyumba ilitajwa. Barua ya maombi niliiandika mimi, yeye akatia sahihi tu huku anasema, "Tutaona."

Hakuwa amekataa wala kukubali. Ila alifanya mazoezi. Alikaa mezani na daftari mbele yake, akanituma nje nibishe hodi kama mwananchi mwenye shida.

"Hodi!"

"Karibu, karibu!" anajibu, ameshasimama, ananivutia kiti.

"Sivyo, Mwalimu. Karani hasimami. Karani anasema subiri."

"Asubiri nini, na mimi sina ninachofanya?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Tulirudia siku nne. Hakufaulu hata mara moja.

Tulikubaliana kijiji kisijue mpaka jambo liishe. Lakini jioni Mwalimu alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima, watu kumi na mmoja, wengi wao wana wajukuu, na amri yake kwao ilikuwa moja: chochote chenye maandishi ukikutana nacho, kisome, tena kwa sauti. Basi kijiji kilijaa makelele. Watu wazima walisoma magunia, walisoma makopo, walisoma khanga migongoni mwa wake za wenzao na ugomvi ukazuka.

Siku moja Mzee Mwinyimadi, mkubwa kuliko wote darasani, alitumwa Mlandizi kuchukua barua za shule. Akapewa moja tu, katika bahasha kuukuu ya serikali iliyobanwa kwa pini. Pini ilidondoka njiani, au ilidondoshwa, hilo hakulieleza vizuri. Mzee akasimama mbele ya duka la kijiji, mahali tulipopanga foleni ya sabuni, akainyoosha karatasi kwa mkono mzima.

"U-me-cha-gu-li-wa. Umechaguliwa!"

"Nani?" foleni ikauliza.

"Ngojeni, sijafika. Ku-wa. Ka-ra-ni."

Nilikuwa wa tano kwenye foleni. Nikatoka.

"Shikamoo babu. Hiyo barua ni ya Mwalimu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiyo, jina lake naliona hapa juu. Usinikatize, nikikatizwa naanza upya."

Akaanza upya. Foleni nzima ikamsaidia penye maneno marefu. Alipofika kwenye muhuri, kijiji kilikuwa kinajua ofisi, cheo na siku ya kuripoti, tarehe mosi Septemba. Akanikabidhi karatasi kwa mikono miwili.

"Kumbe anaondoka," akasema. Sauti yake haikuwa tena ya mtu anayesoma.

Jioni ile darasa halikumuuliza Mwalimu kitu. Walinakili sentensi zao wakaenda zao. Mwalimu akarudi nyumbani amenyong'onyea.

"Afadhali wangenitukana," alisema.

Siku tatu baadaye Bi Mwanamkuu, naye wa darasa lile, alinijia jikoni na bahasha kumi na moja, zote zimegundishwa kwa uji wa muhogo.

"Mke wa Mwalimu, miandiko yetu bado ni ya kuku. Tuandikie wewe anwani ya hiyo ofisi ya Kibaha."

"Mmeandika nini humo, bibi?"

"Tumemweleza Mwalimu alivyo. Wajue wanampata mtu gani."

Machozi yalinilengalenga. Niliandika anwani mara kumi na moja kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, na nikapiga mstari chini kwa rula. Stempu alikwenda kununua Mzee Mwinyimadi mwenyewe.

Wiki mbili hazijapita, Mwalimu akaitwa Kibaha. Nilifuatana naye, maana nilitaka kuiona nyumba. Tuliionyeshwa kwanza. Vyumba viwili, bati jipya, na bomba uani. Nikalifungua, maji yakatoka. Nikalifunga, nikalifungua tena, mpaka Mwalimu akaniambia nisimmalizie maji Ndugu Fabian.

Ndugu Fabian ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi ile. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kipajini. Mbele yake juu ya meza kulikuwa na barua zile.

"Mwalimu," alisema, "miaka kumi na minane niko serikalini, sijaona mtu mwenye maadui wengi hivi." Akachukua ya kwanza, akasoma. "'Mwalimu Matano analala kazini. Analala akiwa amesimama.' Hii nyingine: 'Anakula mapapai ya watu.' Hii: 'Hasikii vizuri, ukimwambia neno mara mbili bado.' Hii: 'Ana mke mkali, atawasumbua.' Na hii ni fupi: 'Msimchukue. Mtajuta. Mimi Mwinyimadi.'"

Mwalimu alikuwa amenyoosha mkono.

"Naomba niione hiyo ya kwanza, Ndugu."

Akapewa. Akaiangalia muda mrefu, kisha akatoa mfukoni kalamu yake nyekundu.

"Huyu ni Bi Mwanamkuu! Ndugu Fabian, mama huyu mwezi wa kwanza alishika kalamu kama mwiko. Tazama, ukurasa mzima! Nukta zote zipo!"

"Mwalimu, hizo ni tuhuma."

"Ndiyo, lakini tazama zilivyonyooka."

"Usiziwekee alama, tafadhali! Ni nyaraka za serikali!"

Mwalimu akairudisha kalamu mfukoni kwa shida. Ndugu Fabian akainua bahasha moja.

"Na kiongozi wao ni huyu. Bahasha zote kumi na moja ni mwandiko mmoja. Msomi huyu. Amepiga na mstari kwa rula. Unamfahamu?"

Mwalimu akaitazama bahasha. Kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Namfahamu kidogo," alisema.

Ndugu Fabian akaweka miwani yake sawa, akatueleza bila kuzunguka. Nafasi bado ilikuwa ya Mwalimu. Aandike tu kwamba tuhuma zile ni za uongo. Lakini zikiwa uongo, hawezi kuzitia kabatini. Atazirudisha kijijini, na walioandika wataitwa na viongozi mmoja mmoja waeleze kwa nini wamemzushia mtumishi wa umma. Na kama ni za kweli, Mwalimu akiri, atie sahihi, karatasi iwekwe kwenye faili lake, jambo liishe pale pale, na kazi atapewa mwingine.

"Tupe dakika tano," alisema Mwalimu.

Tukatoka barazani. Palikuwa na benchi la wananchi wenye shida, wote wameambiwa wasubiri. Tukakaa nao.

"Kumbe ni wewe kiongozi wa maadui zangu," alisema.

"Nilidhani ni barua za heri, Mwalimu. Wallahi."

"Najua." Akanisogelea. "Mwamini mke wangu, nikisema uongo, watamwita yule mama. Watamwekea barua yake mezani, wamuulize hii ni nini. Barua ya kwanza maishani mwake. Hatashika kalamu tena mpaka anakufa."

"Na mimi je? Kisima?"

"Wewe ndiye utakayesema. Ukisema tuhamie, naingia naandika ni uongo. Sitakulaumu hata siku moja."

Nilijua hatanilaumu. Hilo ndilo lililonikasirisha. Nililifikiria lile bomba, lilivyo karibu na mlango wa jiko, hatua sita tu, maana nilizipima. Nikamfikiria na Bi Mwanamkuu na uji wake wa muhogo. Dakika tano zikapita, na nyingine tano.

"Umewahi kula papai la mtu?" nikamuuliza.

"Mara moja. La Mzee Mwinyimadi. Lilikuwa limeanguka."

"Na kulala umesimama?"

"Kipindi cha saba, baada ya chakula. Nasinzia kidogo."

"Basi si uongo," nikasema. "Ingia ukakiri."

Akaingia akakiri. Ndugu Fabian hakuamini masikio yake. Alimuuliza kila tuhuma moja moja, na Mwalimu akaitika kila moja, "Kweli, Ndugu." Walipofika kwenye mke mkali, Ndugu Fabian akanitazama kwa huruma, Mwalimu akasema, "Hiyo ndiyo kweli kuliko zote," akatia sahihi. Kakosa nyumba ya bati na bado anatabasamu. Ningeweza kumpiga.

Jumatatu alirudi darasani jioni. Nilisimama nje ya dirisha kusikiliza. Kumi na moja wote walikuwepo, wameinamisha vichwa.

"Nimezisoma barua zenu," alisema. "Bi Mwanamkuu, nane juu ya kumi. Mbili nimekata kwa sababu umeandika ninalala. Ninasinzia. Mzee Mwinyimadi, tano. Umeandika sentensi mbili tu."

"Nilikuwa na hasira, Mwalimu," alisema Mzee. "Hasira haiandiki ndefu."

"Basi uandike tena, ndefu. Papai nitakulipa."

Mimi nilinuna miezi miwili, na niliteka maji kwa kishindo ili asikie. Kila orodha ya vyeo ilipotoka jina lake halikuwemo, na kila mara alisema labda mwakani. Mara mbili nilimkumbusha bomba la Kibaha, nikajuta mara zote mbili. Alifundisha miaka sita na miezi minne mingine. Darasa lake lote lilifaulu mtihani wa kisomo, isipokuwa mmoja aliyehamia Soga kabla ya mtihani.

Eda yangu imekwisha wiki iliyopita. Nyumba hii ni ya shule, na mwalimu mpya, Bertha, anaripoti tarehe mosi Juni. Jumamosi ninahamia Kisarawe kwa dada yangu Zena. Lori limekwishapatikana, na karatasi hizi namwachia Bi Mwanamkuu awasomee vijana, tena kwa sauti.