Meno ya Mama

Karakana yetu ina rafu tatu. Ya juu ni ya kazi za haraka, ya kati ni ya kazi za wiki hii, na ya chini ni ya kazi ambazo wenyewe hawajaonekana tena. Kipimo cha mdomo wa mama yangu kilikaa rafu ya chini miezi minane, na mwenyewe nilikuwa nikimwona kila Jumapili.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Nina diploma ya kazi hii na huu ni mwaka wa kumi na tisa naifanya. Meno ya mdomo mzima, juu na chini, nayamaliza kwa siku nne bila kukimbizana. Mama alipong'olewa yale sita ya mwisho, nilimsindikiza mimi. Miezi miwili baadaye nikamchukua kipimo: nikamjaza mdomo ule ujiuji mzito, ukaganda, nikautoa na kumimina plasta, nikapata sanamu mbili nyeupe za fizi zake. Nikapima pia jinsi taya zinavyokutana. Ilibaki kukaa tu na kupanga meno.

Sikukaa. Kazi ya mtu baki ina tarehe, ina simu, ina mtu anayekuja kusimama mlangoni huku kaziba mdomo kwa kiganja. Mama hakupiga simu. Ukimuuliza anakulaje, anasema vizuri, viazi vya kuponda havina kosa. Halafu nilitaka yake yawe mazuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza, kwa hiyo nilikuwa nasubiri siku nzima isiyo na kazi nyingine. Nina watoto watatu na mume anayefanya kazi kwa zamu. Siku hiyo ingetoka wapi sijui, lakini niliisubiri.

Mwenzangu wa karakana tunamwita Plasta, kwa sababu hajawahi kurudi kwake bila kuwa nayo kwenye nyusi. Siku moja alikuwa akipangusa rafu, akaniuliza, dada, huyu mteja wa huku chini hajafa kweli? Nikamwambia ni mama yangu. Akaomba radhi, akaendelea kupangusa. Baadaye kidogo akasema, kumbe ndiyo mbaya zaidi.

Nyumbani siko hivyo. Watoto wangu hawagusi chakula kabla ya kumaliza kazi za shule, na ratiba iliyo ukutani nimeichora mwenyewe kwa rula. Binti yangu mkubwa aliwahi kuisoma yote, juu hadi chini, akauliza meno ya Bibi yamepangwa saa ngapi. Nilimtuma akaoshe vyombo.

Kisha ukaja mwaliko. Mama alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne. Darasa lake la kwanza, watu wenye mvi sasa, walipanga kukutana Jumamosi moja asubuhi, na walitaka jambo moja tu kutoka kwake: aje na daftari lake la mahudhurio, awaite majina kama zamani. Daftari analo. Yeye hatupi kitu. Aliniambia habari hiyo wiki tatu kabla, ameshika upindo wa nguo yake mbele ya midomo. Tangu ang'olewe meno ndivyo anavyoongea na watu, na kucheka mbele yao ameacha kabisa.

"Siwezi kuwaita watu majina kwa mdomo huu," alisema. "Yatakuwa tayari?"

"Yatakuwa tayari."

Wiki ya kwanza kulikuwa na mgonjwa aliyevunja ya kwake kwa kuyakalia. Wiki ya pili mtoto wa mwisho alipata homa, kisha nikaona heri nisafishe kwanza meza yangu yote, nipange na visu kwa ukubwa, nianze vizuri. Nikavipanga. Nilianza Jumatano ya wiki ya tatu.

Nilipoanza, kazi ilikwenda kama maji. Hilo ndilo lililonichosha roho zaidi. Nilipanga meno kwenye nta, ya mbele nikayaachia mwanya mdogo kama aliokuwa nao Mama tangu ujana. Nikafunga kwenye kopo la shaba, nikayeyusha nta, nikajaza ile plastiki ya rangi ya fizi, nikachemsha. Ijumaa kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshayatoa na kuyasugua mpaka yanang'aa. Plasta aliyageuzageuza mkononi kwa muda mrefu.

"Ulimjaribisha yakiwa kwenye nta?" akaniuliza.

Nikasema muda haukutosha. Akanirudishia. Mwanafunzi akiiruka hatua hiyo mimi humrudisha mwanzo, na maneno ninayompa si matamu.

Jioni hiyo nilimkuta Mama ameshaandaa kioo cha mkono. Nikamvisha. Ya juu yakashuka. Nikayapandisha kwa kidole, nikamwambia aume, yakashuka tena, na ya chini yakawa yanaelea juu ya ulimi. Nikavua, nikapitisha kidole changu kwenye fizi zake, na hapo nikajua, kabla kidole hakijafika upande wa pili. Fizi ikishaachwa na meno hupungua, na mwaka wa kwanza ndio hupungua sana. Mwaka wa kwanza wa chuo tunafundishwa hilo. Zile sanamu za rafu ya chini zilibaki na mdomo wa wakati ule, na mama yangu alikuwa ameendelea kuishi. Nilikuwa nimemtengenezea meno mazuri sana mwanamke wa miezi minane iliyopita.

Nilipaka ndani ule utando laini wa kushikilia kwa muda, nikamwambia ajaribu kusoma. Akafungua daftari. Jina la kwanza likatoka na mgongano, kakaka, kama mtu anayetembea na viatu vikubwa. La pili hivyo hivyo. Kwenye la nne meno ya juu yalidondoka, yakatua juu ya ukurasa.

Mama aliyaokota, akaenda kuyaosha, akayafunga kwenye kitambaa safi. Hakukasirika. Heri angekasirika. Nilianza kumweleza habari za wateja, homa ya mtoto, siku niliyokuwa naisubiri. Akaniacha niseme yote, kisha akanisukumia daftari.

"Utakwenda wewe. Ukiita mtu asiitike, hesabu hadi tano kimoyomoyo, ndipo uendelee. Wengine wameshakufa, usiwapite mbio. Na wakiuliza niko wapi, usiwaambie naumwa. Sijaumwa. Waambie meno yangu hayakuwa tayari."

Jumamosi nilisimama mbele ya watu arobaini hivi, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki. Mzee mmoja mnene, fundi bomba, aliuliza Mwalimu yuko wapi. Nikamwambia. Akacheka, akidhani ni utani, akauliza nani huyo fundi wa hovyo tumchape. Nikasema ni mimi, mimi ni binti yake, na kazi ilikaa kwangu miezi minane. Kicheko kikamwishia mdomoni. Mama mmoja wa mstari wa mbele alitazama viatu vyake.

Nikaita majina. Waliitika "nipo, Mwalimu," mmoja mmoja, na kila mara nilijua haniambii mimi. Majina kumi na matatu hayakuitikiwa. Nilihesabu hadi tano kwa kila moja. Sijawahi kuona tano inayochukua muda mrefu namna ile.

Nilirudi kwa Mama saa nane, miguu inaniuma. Alitaka kila kitu: nani ameitika, kwa sauti gani, nani kanenepa, nani hakuwepo. Nilipofika kwenye wale kumi na watatu alinizuia, akataka niwasome tena polepole. Akanisikiliza bila kuziba mdomo wala nini.

Halafu akauliza nitamchukua lini kipimo kipya. Nikafungua mdomo kusema wiki ijayo, nikishamaliza kazi mbili za rafu ya juu. Badala yake nikasema jambo la kweli, kwamba karakana leo imefungwa.

"Ufunguo anao nani?"

Nikasema ninao mimi. Nikasema pia nimechoka, Mama, na hilo lilikuwa kweli kuliko yote.

"Naona," alisema, akiinama kuvaa viatu. "Utachoka huko huko."

Karakana ilikuwa na joto la kufungiwa. Nilikoroga ujiuji, nikaupakia kwenye kijiko cha chuma cha kupimia mdomo, nikamwekea. Unaganda kwa dakika nne na mgonjwa hawezi kusema neno. Nilisimama nimemshika kidevu kwa kiganja, mate yake yakinitiririkia mkononi, tukatazama saa ya ukutani wote wawili.