Fundo Nyuma ya Sikio la Mheshimiwa

"Hivi, mwenzangu, huyo mbwa ndiye anayekwenda kuwafariji wagonjwa, au wagonjwa ndio wamewekwa pale wamfariji yeye?"

Jirani aliuliza hivyo zamani kidogo, ameegemea uzio, na Mama Brashi akacheka tu. Mtu anayeajiriwa kuogesha mbwa hana nafasi ya kujibu maswali magumu.

Mbwa mwenyewe alikuwa na jina refu ambalo hakuna ulimi uliolimudu, hivyo katika ile nyumba ya kutunzia wagonjwa wote walimwita Mheshimiwa. Alistahili. Nywele zake ziliburuzika sakafuni kama pazia. Kila Alhamisi asubuhi Mama Brashi alimwogesha, akamkausha kwa mashine, kisha akampiga brashi tabaka kwa tabaka mpaka kwenye ngozi, maana nywele za namna ile ukizipitia juujuu zinang'aa nje huku ndani zimeshikana kama godoro kuukuu. Mwisho, utepe utosini. Marehemu mume wake, Mungu amrehemu, hakuchanwa hivyo hata siku ya harusi yao.

Madamu, mwenye mbwa, alikuwa mtu wa huruma sana, na huruma yake haikutoka nyumbani bila mpiga picha. Alikuwa na masharti pia. Mgonjwa ampapase Mheshimiwa mgongoni, kwa kiganja, kuelekea mkiani, basi. Kuingiza vidole kwenye nywele ilikuwa marufuku. Faraja, alisema, ina utaratibu wake.

Sasa, kwenye kitanda cha dirishani alilala dada mkubwa wa Mama Brashi. Maisha yake yote alikuwa msusi. Nusu ya vichwa vya mtaa vilishapita katikati ya magoti yake. Kiharusi kilimnyang'anya maneno, kikamwachia mkono wa kulia umelala ubavuni kama wa kuazima. Daktari alisema mkono ule usipofanya kazi mapema, basi tena. Nesi akaleta mpira wa kubonyeza. Dada akautupa kwa mkono mzima, akageukia ukutani.

Halafu siku moja Mama Brashi aliharakishwa, akaruka sehemu bila kuipiga brashi. Mheshimiwa alipopandishwa kitandani kwa dada, kile kidole gumba kilichokufa kikalipata fundo nyuma ya sikio, kikaanza kulichokonoa. Mama Brashi aliona. Tangu hapo, kila Alhamisi aliacha fundo moja palepale, chini ya nywele za juu. Alimwomba Mungu amsamehe kwa kazi mbovu, kisha akamwomba pia kwamba Madamu asiione.

Mungu alijibu ombi la kwanza.

Alhamisi moja Madamu alikuja na wageni wafadhili. Mbwa alitangulizwa wodini; wageni aliwasimamisha kwenye korido akawaeleza habari za upendo, na upendo ukachukua muda. Walipoingia wodini, dada alishamaliza fundo, akaona ubavu mzima wa mbwa unamsubiri. Mkono wa kushoto ulikuwa unasuka, wa kulia umeshikilia, unatetemeka lakini umeshikilia. Mheshimiwa alikuwa na mistari minne, utepe uko sakafuni, na macho ameyafumba kama bibi harusi saluni.

Madamu aliwatabasamia wageni kwa meno yote, kisha akainama sikioni mwa Mama Brashi.

"Fumua. Sasa hivi. La sivyo kesho usije."

Mama Brashi aliifikiria kesho. Aliutazama na ule mkono.

"Nikifumua ataacha, Madamu. Ndiyo kwanza mkono umeamka."

"Huyu si mbwa wa mazoezi."

"Kumbe ni wa nini?"

Aliuliza kwa adabu kabisa, mikono ameikunja mbele, kama mtu anayetaka kuelewa. Wageni nao walionekana kutaka kuelewa. Madamu alinyoosha mkono wake mwenyewe, wenye kucha ndefu, akaushika mstari wa kwanza ili aufumue.

Dada aliokota shanuo la Mama Brashi pale kitandani, akamgonga nalo vidole. Si kwa nguvu; vile msusi anavyomgonga mteja anayechezea kichwa. Mdomo ukavutika upande, ukahangaika, na sauti ambayo ndugu zake walishaizika ikatoka, nzito, inayokwaruza:

"Kaa kwenye benchi. Zamu yako bado."

Nesi aliweka sinia chini taratibu. Mama Brashi alivuta stuli, akaketi upande wa pili wa kitanda, akaanza kumgawia dada nywele, fungu kwa fungu, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Mpiga picha, maskini, alikuwa amekodiwa kupiga picha na si kusoma nyuso za watu, akamwomba Madamu asogee kidogo na akae kwenye lile benchi la ukutani, kama alivyoambiwa, ili picha itoke vizuri.

Madamu alilitazama benchi. Akamtazama mbwa wake, ambaye hakunyanyua hata sikio. Akauchukua mkoba, akawapita wageni mlangoni, akatoka peke yake.