Askari Waliozidi

Mwalimu Elisante alikuwa na ugonjwa wa walimu wengi: hakujua kusema "sijui". Tangu ahamishwe kutoka Same kuja kufundisha Baiolojia kijijini Murungu, kila barua na kila cheti cha kijiji kilipita mikononi mwake, naye alisoma vyote, hata visivyomhusu.

Ndivyo alivyosoma karatasi ya maabara ya rafiki yake Ndayisaba. Huyu alikulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kule Kasulu, akaja kuwa mkulima hodari wa mihogo. Lakini siku hizo kifua kilimbana kila aliposukuma baiskeli mlimani. Hospitalini Kibondo walimpa vidonge vya kila siku, wakamwambia arudi baada ya mwezi. Elisante aliona chembe nyeupe za damu zimezidi kidogo, akafurahi.

"Hawa ni askari wa mwili, ndugu yangu. Wako wengi. Unalindwa vizuri."

Ndayisaba akaviacha vidonge, akarudi kulima. Kabla ya mavuno alianguka shambani, akafa palepale.

Baada ya mazishi Elisante alimfuata daktari wa Kibondo, Herieth, akamwuliza imekuwaje. Herieth alimweleza taratibu. Mafuta yakijipenyeza ndani ya ukuta wa mshipa wa moyo, chembe nyeupe huyafuata na kuyameza, huvimba, hufia humohumo. Kisha huja nyingine, nazo vilevile. Ukuta unanenepa, njia ya damu inakuwa nyembamba, mpaka siku moja inaziba.

"Ni askari walewale, Mwalimu," alisema. "Ila vidonge vingewapunguzia kazi."

Miaka kumi na tisa Elisante alikuwa amefundisha nusu ya jambo, tena kwa mbwembwe. Alijichukia.

Jumapili alikwenda kwa Esteri, mjane wa marehemu, kuungama. Hata hajakaa sawa, mama huyo akamnyooshea karatasi. Baada ya msiba naye alikwenda kupima.

"Nisomee, Mwalimu."

Elisante hakuipokea. "Mama Irakoze, mimi ndiye niliyemwambia Baba Irakoze kuwa analindwa. Damu yake ilikuwa inaonya, mimi nikasifu. Nilikosea. Nisamehe."

Esteri aliiweka karatasi mapajani.

"Siku ile nilimwuliza Baba Irakoze," alisema. "Sisi tuliokimbia Burundi, lini tuliona askari wengi wameingia nyumbani kwa mtu, nyumba ikawa salama? Nikamwambia anywe dawa. Akaniambia, 'Nyamaza, Mwalimu amesoma.' Nikanyamaza. Sasa kila asubuhi najiuliza kwa nini nilinyamaza."

Elisante alitamani Esteri amtukane, au hata amfukuze. Ingekuwa nafuu. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Esteri aliikunja karatasi yake, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Kesho napanda gari la Kibondo," alisema. "Daktari atanisomea."

Kisha akaenda jikoni, akamletea chai kwenye kikombe cha wageni.