Wasomaji Kumi na Saba

Kila Alhamisi saa kumi alasiri Dona Zulmira alifungua madirisha ya ukumbi ulioko nyuma ya duka la dawa, akatandika kitambaa cheupe juu ya meza ndefu, akapanga chupa za maji ambazo watu walileta ziombewe. Halafu aliketi kiti cha tatu kutoka mlangoni, kwa kuwa cha pili kilikuwa na mguu mbovu. Pale Pedra Turva, mji wa mgodi nchini Brazili, watu walienda kanisani Jumapili na kwenye kikao cha roho Alhamisi. Padri alilijua hilo na hakulisemea.

Mpokezi wa roho alikuwa Seu Evilásio, karani mstaafu wa posta, mtu mpole ambaye hata nzi humfungulia dirisha atoke. Akifumba macho, mkono wake wa kulia uliandika wenyewe. Kwa miaka mitatu mkono huo uliandika maneno ya roho aliyejiita Mwalimu, na Mwalimu alisema kwamba hasemi yake, anasema ya Mungu. Maneno hayo yakachapishwa jijini yakawa kitabu cha kurasa mia nne na kumi, jalada la buluu. Barua za wasomaji zikaanza kuja kwa magunia. Bibi mmoja wa Recife aliandika kwamba tangu akisome hajaumwa tena na tumbo. Mtu mmoja anayefundisha hesabu Curitiba alizichunguza koma zote, akathibitisha kwamba mkono wa binadamu hauwezi kuziweka vile. Mwingine aliuliza kama kuna habari zozote za mbwa wake. Dona Ormezinda, katibu wa ukumbi, alizijibu zote, kila moja ikianza "Ndugu msomaji".

Sura ya kumi na moja iliwahusu watu wa Pedra Turva wenyewe. Ilieleza kwa nini paa la njia ya tatu ya mgodi wa manganizi liliporomoka na kuwafunika wanaume kumi na saba. Katika maisha yao ya zamani, kilisema kitabu, hao walikuwa wawindaji wa watumwa. Waliwafungia watoro pangoni wakawaacha wafe. Kabla ya kuzaliwa tena waliomba wenyewe wafe vivyo hivyo, ili wasafike. Kampuni haikutajwa. Wala hazikutajwa nguzo za mwamba ambazo mhandisi aliamuru zichongwe ziwe nyembamba, ili madini yaliyomo yapatikane. Sura ilimalizia kwamba mlima sasa umeridhika na hautamtaka mtu mwingine.

Ataíde, mume wa Dona Zulmira, alikuwa wa tisa kutolewa.

Siku sura hiyo iliposomwa, Dona Odília, mjane mwenzake, alilia kwa faraja. Baadaye wawili hao walikuwa wakiosha vikombe.

"Sasa napata usingizi," alisema Odília. "Miaka miwili sikulala, shoga yangu. Usininyang'anye."

"Nani anakunyang'anya? Lala. Lakini Ataíde hakuwahi kumfungia hata kuku. Kuku wetu walilala jikoni, na wewe ndiye uliyekuwa ukilalamika harufu."

"Hayo ni maisha mengine."

"Katika haya haya aliniambia nguzo zinalia. Akamwambia na mhandisi, mara mbili."

Aliporudi nyumbani Dona Zulmira alichukua penseli akaandika pembeni mwa ukurasa: *Uongo*. Asubuhi alikuta chini yake mwandiko wa Ataíde, ule unaolalia kushoto kama wa mtu anayeandikia gotini: *Uongo kweli. Sisi tulikuwa wachimbaji. Mwandishi amesahau nguzo.* Kando yake palikuwa na alama nyeusi ya dole gumba. Dona Zulmira alijifuta unga mikononi, akanoa ile penseli iliyokuwa butu, akaiacha katikati ya kitabu.

Wiki ilipokwisha, hakukuwa na nakala mjini isiyoandikwa pembeni, na miandiko ilikuwa kumi na saba. Yule bibi wa Recife naye akaleta barua: katika kitabu chake kuna mtu anaitwa Ataíde ambaye anabisha. Dona Ormezinda akamjibu: "Ndugu msomaji, tafadhali tumia kifutio."

Alhamisi iliyofuata wale wafu kumi na saba walikuja wenyewe. Walifuta viatu mlangoni, wakavua helmeti, wakakaa nyuma. Viti havikutosha, likaletwa benchi kutoka duka la dawa. Kila mmoja alikuwa na nakala yake. Ilisomwa sura ya kumi na moja kwa utulivu, na muda wa maswali ulipofika Ataíde alinyoosha mkono.

"Swali lako, ndugu," alisema Dona Ormezinda.

"Si swali. Ni masahihisho."

"Roho husema kupitia kwa mpokezi. Ndiyo kanuni yetu."

"Lakini mimi mwenyewe nipo hapa."

"Ndiyo maana. Ukiwa umekaa hapo, wewe ni msomaji tu kama wengine. Msomaji huandika barua."

Wakaandika barua kumi na saba. Kamati ilizijadili Alhamisi mbili, ikajibu kwamba ndugu hao wamekufa karibuni mno, kwa hiyo bado hawajakumbuka walikuwa akina nani. Walishauriwa kuisoma sura upya. Kila mmoja akapewa glasi ya maji yaliyoombewa.

"Angalau wametuita ndugu," alisema Nivaldo, aliyekuwa mtani wa zamu yao. "Kule mgodini nilikuwa namba arobaini na mbili."

Mwezi huo Bwana Valfrido, mhandisi wa kampuni, alifika ukumbini kofia mkononi, akamshukuru Mwalimu kwa unyenyekevu. Alikuwa amesoma kwamba mlima umeridhika. Jumatatu njia ya tatu ingefunguliwa tena, na miongoni mwa walioandikwa kazi alikuwemo Jurandir, mume wa binti wa pekee wa Dona Zulmira.

"Usiende," Dona Zulmira alimwambia.

"Mama, nisipoenda mimi ataenda mwenzangu. Mlima utamchagua nani?"

Ataíde, aliyekuwa ameegemea jiko na kikombe cha kahawa ambayo haikupungua, ndiye aliyejibu.

"Mwache aende. Sisi tutatangulia."

Jumatatu asubuhi wale kumi na saba walishuka kabla ya king'ora. Walisimama mahali ambapo nguzo zilikuwa zimechongwa, wakainua mikono, wakalipokea paa mabegani. Zamu ilipoingia ilipita katikati yao ikisema samahani. Wiki tano mwamba haukudondosha hata kokoto. Bwana Valfrido alishuka na taa, akapima huku na huku, akawahesabu wale wafu mmoja mmoja, akaandika kwenye ripoti yake kwamba njia ya tatu ni imara kupita makadirio. Kwa sababu hiyo nguzo nyingine tatu hazikuwa na ulazima. Zikakatwa.

Ijumaa Jurandir alirudi na ujumbe, akautoa akiwa bado amesimama mlangoni.

"Baba anasema miguu imeanza kutetemeka. Amesema, mwambie Zulmira tumechoka."

Dona Zulmira alivua aproni, akaenda moja kwa moja hadi ofisi ya mhandisi. Alikuta kitabu cha jalada la buluu juu ya meza.

"Wamechoka," alimwambia. "Rudisha nguzo."

"Dona Zulmira, wafu hawachoki."

"Imeandikwa ukurasa gani?"

Bwana Valfrido alifikiri kidogo, kama mtu mwaminifu. "Nadhani bado haijaandikwa," alisema. "Lakini itaandikwa."

Alhamisi ukumbi ulijaa hadi barazani. Benchi la nyuma lilikuwa tupu, maana waliolizoea walikuwa na kazi. Seu Evilásio alifumba macho, mkono wake ukaanza kwenda, na Dona Ormezinda akasoma kila mstari ulipokamilika. "Wale kumi na saba," alisoma, "kwa hiari yao, kwa furaha ya nafsi zao, wameomba waubebe mlima..."

Dona Zulmira akasimama.

"Dada Zulmira, maswali ni baadaye."

"Seu Evilásio, wewe na mimi hatuna ugomvi. Mkono huo najua si wako. Nasema na huyo anayeuandikisha." Aliitazama penseli, si mtu. "Hao unaowaandika mimi nawajua. Nimewapikia, nimewafulia, mmoja nimezaa naye. Nivaldo anaogopa giza, ndiyo maana anatania. Wewe jina lako silijui. Sijawahi kuona vumbi lao kwenye mkono wako. Unasema mlima unataka mtu wa kuubeba kwa furaha. Basi shuka wewe. Kuna nafasi kati ya Ataíde na Nivaldo, mume wangu amesema mtu mmoja angewapumzisha. Kabebe wiki moja. Ukirudi, utuandikie nani ameomba."

Penseli ikasimama.

Huko nje king'ora cha mgodi kililia, zamu ya jioni ikapita mbele ya duka la dawa, viatu vikisikika kwa muda mrefu. Dona Odília, aliyekuwa amekaa mbele, alikifunga kitabu chake, akaja kusimama kando ya Zulmira.

"Mimi nilikuwa nalala vizuri," alisema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi kwa watu wa nyumbani kwake.

Seu Evilásio alikuwa amefumba macho bado. Machozi yalimshuka shavuni, lakini mkono ulikuwa mkavu. Kisha penseli ikaendelea, palepale ilipokuwa imeachia neno katikati, na Dona Ormezinda akasafisha koo akasoma mstari uliofuata, ambao ulisema kwamba mlima ni mwepesi kwa wenye imani.

Dona Zulmira hakukaa.