Zamu ya Mama Kwenye Paa

Mamangu si mtu wa kuomba. Tangu Baba azikwe, hajaomba hata chumvi katika ploti hii ya mtaa wa Umoja. Kwa hiyo aliponiambia, "Amondi, hilo jua likipatwa nataka nilione," nilijua ombi hilo limetoka moyoni. Jicho lake la kushoto limeshakufa kwa presha ya macho, na la kulia linafifia. Daktari hakumficha.

Tatizo lilikuwa Owuor. Yeye ni mtoto wa mke wa kwanza wa Baba, sisi ni wa mke wa pili, na hilo hatatuacha tulisahau hata tukizeeka. Ni fundi wa mageti. Nusu ya mtaa wa Donholm inalala salama kwa kazi ya mikono yake, lakini mlango wa jiko la Mama unafungwa kwa waya, na mabati ya jiko lenyewe yamejaa matundu ya misumari ya zamani. Mvua ikinyesha, Mama hupika akiwa amejifunika gunia. Tumemwambia Owuor mpaka tukachoka.

Jumapili ya kupatwa kwa jua, jioni, akatuita sote kwenye paa. Alikuwa na kofia moja tu ya kuchomelea vyuma, yenye kile kioo cheusi, maana jua haliangaliwi kwa macho matupu.

"Tunaenda kwa laini," akasema. "Nyumba ya kwanza, halafu ya pili. Mzee angetaka hivyo."

Sawa. Mama akakalia ndoo iliyopinduliwa, akangoja. Owuor akaangalia. Mkewe Celine akaangalia, akipiga kelele utadhani amemwona Yesu. Watoto wao wakaangalia, kila mmoja mara mbili. Mwanga ukageuka rangi, baridi ikaingia, kuku wa jirani wakaanza kutafuta pa kulala. Mama akasimama, akakung'uta leso yake, akanyoosha mikono.

Owuor akampa kofia Burale, mpangaji wa chumba cha chini.

"Mgeni kwanza, Mama Amondi. Wewe si ni wa hapa tu?"

Burale aliona haya. "Hapana, bro. Wacha mathe aone."

"Shika, buda! Itaisha!"

Nilimtukana Owuor mbele ya watoto wake, na sijuti.

"Shuka na matusi yako," akanijibu. "Hii paa ni yangu."

Mama akageuka. Alishika chuma cha ngazi akashuka, akipapasa kila kidato kwa mguu, nami nyuma yake. Akaingia jikoni. Nikamfuata ndani, nikaurudisha mlango ili gizani asinione nikilia.

"Amondi," akasema. "Ni nini hii?"

Jua lilikuwa limeinama upande wa geti, likipenya kwenye yale matundu. Kila tundu lilikuwa limechora kipande cha jua, chembamba kama ukucha uliokatwa. Vilijaa ukutani, kwenye sufuria, kwenye gunia la makaa, kifuani mwa Mama. Akakinga kiganja, kimoja kikatua humo. Akakisogeza karibu na jicho lake la kulia.

"Ndilo?"

"Ndilo lenyewe, Mama."

"Kumbe limeliwa hivi!" Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akicheka.

Nyayo zikashuka ngazi. Owuor akagonga mlango.

"Mama Amondi! Njoo haraka, ni zamu yako. Imebaki kidogo."

Mama hakuondoa jicho kiganjani.

"Kaza waya," akaniambia.

Nikaukaza.

"Mnafanya nini humo?"

"Tunaangalia mabati yako, baba," Mama akamjibu.

"Si nilisema nitayabadilisha? Fungua basi."

"Ukiyagusa sasa," Mama akasema, "tutakosana."

Mlango ukatikiswa. Waya ulishika.