Joho la Mameya Watatu

Miji mitatu imeunganishwa kuwa jiji moja, na kitu cha kwanza ambacho jiji hilo lilihitaji, kwa akili za wakubwa wake, si maji wala taa za barabarani. Ni joho la meya. Jamani! Mabomba yamekauka mpaka yanakohoa, wao wanataka joho.

Kazi nilipewa mimi, fundi cherehani, kwa kuwa duka langu linatazamana na ofisi ya mji wetu, na meya wa mji wetu ni shemeji yangu, kaka wa mume wangu. Sasa mameya walikuwa watatu, kiti kimoja. Wakakubaliana kupokezana, shemeji aanze. Lakini joho likatwe kwa kipimo cha nani? Hapo ndipo vita ilipozuka. Mmoja ni mrefu, tunamwita Ngazi. Mwingine tumbo lake linaingia mlangoni kabla yake. Shemeji akikaa kitini miguu inaning'inia. Wakabishana kutwa nzima, watu wazima na ndevu zao, halafu wakapitisha azimio: vipimo vya wote vijumlishwe, vigawanywe kwa tatu. Wakapeana mikono kwa furaha.

Nikashona. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, duka langu libaki, maana ramani ya jiji jipya ilionyesha maegesho ya magari palepale nilipo.

"Shemeji, duka lako haligusi mtu," aliniapia, mkono kifuani. "Damu nzito kuliko maji."

Nami, mjinga wa mwisho, nikamwahidi kulipunguza joho kwa siri ili limkae vizuri siku ya uzinduzi.

Alipokuja kulijaribu, ukuta wangu ulikuwa umeshapakwa alama nyekundu ya kubomolewa. Aliipita kama haioni. Nilikuwa nimepiga magoti, pini mdomoni, napima upindo.

"Shemeji, na ile alama?"

"Aa, ile. Wenzangu walisema bila maegesho hawanipi zamu ya kwanza. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ni maendeleo, shemeji."

Nikatema pini. "Vua."

"Hujamaliza! Nitaliburuta chini."

"Litakukaa mlivyopitisha."

Akakimbia kunishtaki kwa mume wangu, eti namwaibisha. Mume wangu akaja kunibembeleza nisiwe na kinyongo, duka ni duka tu. Duka tu! Ndilo lililomlisha tangu afukuzwe kazi.

Wakalibomoa siku moja kabla ya uzinduzi. Siku yenyewe, shemeji akakatiza juu ya kifusi changu kwenda jukwaani, mabega ya joho yamemshukia viwikoni, upindo unazoa vumbi la kuta zangu. Umati ukaangua kicheko. Mtu mmoja tu alisimama kumpigia makofi, naye ni mume wangu, aliyekuwa ameketi kando yangu.

Cherehani yangu sasa iko kwa dada yangu. Na mimi niko huko huko.